Amina Iliyocheleweshwa

Jumapili, 4 Mei

Nimeporwa. Mchana kweupe, ndani ya kanisa, mbele ya Mchungaji na kwaya nzima. Na aliyenipora ni shemeji yangu!

Nieleze kwa utaratibu. Hata shajara ina haki ya kuelewa.

Mke wangu anapasuliwa Alhamisi. Ana uvimbe tumboni, nyuma kabisa, mahali ambapo daktari mwenyewe anasema hatajua ni wa aina gani mpaka afungue aone. Alisema hayo huku akichezea kalamu, anaifungua, anaifunga. Sikuipenda ile kalamu. Mke wangu akamwuliza kama amekula mchana, maana alionekana amechoka. Yeye ndiye mgonjwa, na anamwuliza daktari habari za chakula!

Kanisani kwetu mtu akiingia chumba cha upasuaji, tunamwekea kiti. Nyuma ya madhabahu kuna chumba kidogo, na ndani yake kiti kimoja cha mbao, kizito, walichokitengeneza waumini wa mwanzo. Siku ya upasuaji, kuanzia asubuhi mpaka jioni, lazima awepo mtu kwenye kiti hicho akiomba. Kisikae kitupu hata kidogo. Anayekuja kupokea anaingia kimya, anaweka mkono kwenye egemeo, anangoja. Aliyeketi akisema Amina, anainuka, na mwenzake anaketi kabla mbao haijapoa. Hiyo haimo katika Maandiko. Ni desturi yetu tu. Lakini haijawahi kuvunjwa, na nisingependa ianze kuvunjwa wiki hii.

Basi Mchungaji akauliza nani atakaa saa gani. Upasuaji ni saa nne asubuhi. Mtoto wa chekechea anaelewa kwamba saa nne ni ya mume. Nikasimama nikaanza, kwa ufupi, kutoa sababu. Kanisa likacheka. (Wanafunzi wangu wa zamani, ambao ni karibu nusu ya waumini, hunita Mzee Kwa Ufupi. Sijui kwa nini.) Kabla sijafika sababu ya tatu, ngurumo ikatoka benchi la nyuma kwamba saa nne imekwisha kuchukuliwa, ni ya Dalali. Mchungaji akamshukuru. Mimi nikapewa saa nane, baada ya chakula cha mchana. Saa ya kusinzia!

Dalali ni mdogo wake mke wangu. Amepiga minada tangu ujana wake, na anaomba kama anavyouza. Anamwita Bwana mara ya kwanza, anamwita mara ya pili, na ya tatu anapiga meza. Vioo vinatikisika. Watu wanalia. Mimi huomba kwa mpangilio: utangulizi, historia, hoja, hitimisho. Watu hawalii. Wengine hulala, na usingizi ni dalili ya amani.

Jioni nikamweleza mke wangu dhuluma hii. Alikuwa anakunja nguo. Akasema ndugu yake ana haki, mimi nina haki, na Mungu hana foleni. Halafu akasema ana ombi moja tu kwangu. Asubuhi ile, watakapokuwa wanamsukuma kwenda ndani, niwe pale nimshike mkono. Na nisiseme kitu.

Nikamwuliza nisiseme kitu kwa maana ipi.

Akasema kwa maana ya kutosema kitu.

Nimeahidi. Lakini saa nne siiachi.


Jumatatu, 5 Mei

Mpango wa kwanza: mashauriano ya kistaarabu.

Nilimfuata Dalali uwanjani kwake, katikati ya mnada. Alikuwa amesimama juu ya meza, shingo imetuna, anauza makabati na viti. Nikamsogelea nikamweleza kwamba mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo anayepasuliwa Alhamisi, ukifikiri kwa kina, ni mimi. Nikainua mkono kusisitiza neno "kwa kina".

Akapiga nyundo. Nimeuziwa kiti cha kinyozi.

Nilipinga. Nilieleza tofauti kati ya mkono wa hoja na mkono wa mnunuzi. Watu wakanipigia makofi, mmoja akanipongeza kwa kuanza biashara uzeeni. Kiti kinazunguka na kina kikanyagio cha kukipandisha. Wamenibebea hadi jikoni, maana kwenye mlango wa sebule hakikupita.

Baada ya mnada Dalali akashuka, akajifuta jasho, akanipa jibu lake. Akasema, "Shemeji, wewe ulimkuta mtu mzima, amevaa gauni la harusi. Mimi alinibeba mgongoni." Mama yao alipofariki, dada mtu ndiye aliyemlea. Alimlisha, alimsomesha, alimchapa. Mtu aliyebebwa naye mgongoni hawezi kuwekwa saa nane. Akasema hayo kwa sauti ya kawaida, jambo lililonishangaza. Sikujua kama anayo.

Hoja dhaifu. Haina utangulizi wala hitimisho. Nilikosa jibu kwa sababu ya vumbi tu.


Jumanne, 6 Mei

Mpango wa pili, bora zaidi: saa yangu ikikataa kuhamia kwenye upasuaji, upasuaji uhamie kwenye saa yangu.

Nikaenda hospitali. Nikamweleza dada wa mapokezi kwamba, kwa sababu za kiroho zinazohitaji maelezo marefu kidogo, naomba upasuaji usogezwe hadi saa nane. Alinisikiliza kwa adabu kubwa. Akasema nikakae benchi la kushoto. Nikakaa. Nikaitwa. Kumbe benchi la kushoto ni la wanaopimwa shinikizo la damu!

Muuguzi akanifunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akakunja uso, akakijaza tena. Akasema sitoki hapo mpaka presha ishuke. Akaniuliza nina hofu gani. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa imani, sina hofu, na nikaanza kumweleza damu inavyozunguka. Ikapanda zaidi. Akaniomba ninyamaze. Nikanyamaza. Ikashuka! Kipimo kile si cha kuaminika.

Nilipokuwa nimeketi hapo niliuona mlango wa chumba cha upasuaji, mwisho wa ukumbi. Milango miwili ya kusukuma, na vidirisha vidogo vya kioo. Walimpitisha mtu amefunikwa shuka mpaka kidevuni. Milango ikapepea, ikatulia. Basi. Hakuna zaidi ya kueleza.

Mchana Mchungaji akaja nyumbani. Nilimfundisha darasa la nne, alikuwa mzuri wa hesabu. Habari za benchi la kushoto zilikuwa zimeshamfikia. Akasema ameongea na Dalali na wamekubaliana saa nne igawanywe: nusu ya kwanza mimi, nusu ya pili yeye. Kisha akaniuliza kwa upole kama nimeshaomba. Si kwa ajili ya Alhamisi. Kama nimeomba tu, hivi hivi. Nikamwambia bado naandaa. Akaniangalia kama nilivyokuwa nikimwangalia yeye alipokosea kugawanya.

Lakini ushindi ni ushindi! Na nimeona tundu ambalo wao hawajaliona. Desturi inasema anayepokea angoje Amina. Haisemi Amina ije lini. Mtu akiketi nusu ya kwanza, na sala yake ikawa ndefu ya kutosha, Dalali atasimama hapo na mkono wake kwenye egemeo mpaka saa tano. Sitavunja kanuni yoyote. Nitachelewesha Amina tu.


Jumatano, 7 Mei

Tumempeleka wodini asubuhi. Binti yetu amekuja kutoka mbali na atalala naye huko.

Kabla ya kuondoka mke wangu alinipitisha jikoni. Alinionyesha jiko linavyowashwa, sufuria ziko wapi, majani ya chai yako kwenye kopo lipi na sukari kwenye kopo lipi, akasisitiza niangalie vizuri makopo. Nilikuwa namweleza wakati ule ule maana ya neno "ganzi", kwa hiyo yale ya makopo sikuyashika yote. Akafunga kabati. Akaipapasa meza ya jikoni kwa kiganja, kama mtu anavyompapasa mtoto aliyelala, akatoka.

Wodini akanikumbusha: kesho saa tatu na nusu, mkono, bila maneno. Nikamwambia mahesabu yote yamekaa sawa. Saa tatu na nusu kwake. Saa nne kitini. Kutoka hospitali hadi kanisani ni kukatiza uwanja wa mpira tu.

Binti akanifundisha kurekodi sauti kwenye simu. Unabonyeza, kitaa chekundu kinawaka, unasema, unabonyeza tena, kinazimika. Nilitaka kuipima sala yangu nijue itafika saa tano au nahitaji kuongeza sura.

Nyumbani nikaketi kwenye kiti cha kinyozi, nikakipandisha kidogo, nikabonyeza. Nasema bila kujisifu: ni sala bora niliyowahi kuitunga. Sehemu ya kwanza, utangulizi na shukrani. Ya pili, maelezo ya tumbo, kiungo kwa kiungo, ili kusiwe na utata kuhusu mahali. Ya tatu, upungufu wa waombaji wengine, ambamo nilimwomba Mungu asichanganye kelele na imani, na asiichukulie kila sauti inayotikisa vioo kuwa ni ya Roho, maana nyingine ni za mnada. Sikutaja jina. Ya nne, hitimisho. Amina. Ndefu ya kutosha kumsimamisha Dalali mpaka miguu iingie ganzi bila sindano!

Nikaitia simu mfukoni mwa shati nikajaribu kupika chai. Jiko likagoma. Njiti zikaisha. Nikafungua kopo la sukari, ndani majani ya chai. Nikafungua makabati yote. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo sijaizoea, kila mlango wa kabati ukilia kama mtu. Kuna maneno nilisema pale jikoni. Hayakuwa na mpangilio, na si ya kuandikwa.

Nilipotoa simu baadaye, kitaa chekundu kilikuwa bado kinawaka. Nikabonyeza, kikazimika. Vifaa hivi vina mambo yake.

Nimekunywa maji.


Alhamisi, 8 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi, mkabala na ile milango miwili. Imeshapepea. Imetulia. Yuko ndani.

Utaratibu: asubuhi nilikuja kama nilivyoahidi, nimevaa koti na viatu vya Jumapili. Muuguzi akatuambia vyumba vimejaa, saa ya mke wangu imesogezwa, nirudi baadaye, watanijulisha. Mke wangu akaniambia nenda kwenye kiti, wakikaribia binti atanipigia. Nikaenda kanisani. Nikampokea mama wa kwaya, ambaye sala zake ni fupi mno kwa maoni yangu. Nikaketi. Saa nne ikagonga. Nikavuta pumzi ya utangulizi.

Simu ikalia. Binti! Wanakuja kumchukua sasa hivi, Baba, sasa hivi, uko wapi?

Nikainuka, nikaketi. Nikiondoka, kiti kitupu, saa yenyewe ya kisu! Nikibaki, atasukumwa ndani akitazama mlangoni. Dalali alikuwa bado hajafika. Nikamwambia Mungu alete mtu. Hakuna aliyekuja. Ndipo nikakumbuka ile rekodi.

Nikaiweka simu kwenye kiti, juu ya mto, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikabonyeza. Sauti yangu ikaanza: "Kwa ufupi, ee Mwenyezi..." Kiti si kitupu! Mtu yupo kitini kama sauti yake ipo kitini na moyo wake uko hapo hapo. Ningeweza kulitetea hilo mbele ya sinodi. Mlangoni nikapishana na Dalali, anaingia huku anakunja mikono ya shati. Nikamwonyesha kidole mdomoni, nikatimka.

Mtu wa umri wangu hakimbii. Nimekimbia. Uwanja mzima wa mpira, koti linapepea, na vijana waliokuwa mazoezini wakanishangilia kama mchezaji wa akiba. Soli ya kiatu cha kushoto ikang'oka katikati ya goli na goli. Nikaiacha.

Nilimkuta ukumbini, kitanda kimeshaanza kusukumwa. Binti ameshika upande mmoja. Nikashika mkono wa upande wa pili. Na hapo, shajara, ndipo aibu yangu ilipo. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Ndiyo, niliahidi kunyamaza, lakini nilikuwa nimeandaa machache, ya kumtia moyo, yenye vipengele. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Sina pumzi! Nahema kama mbwa. Njia nzima, kutoka wodini hadi milango ile, sikutamka hata neno moja. Nilimshika mkono tu nikamtazama, naye akanitazama.

Akaniuliza nani yuko kwenye kiti. Sikuweza kujibu. Nikaweka kidole gumba sikioni na kidole cha mwisho mdomoni, alama ya simu. Akafikiri kidogo. Kisha akacheka. Alicheka mpaka shuka likatikisika, muuguzi akamwambia mama usicheke, na muuguzi mwenyewe akaanza. Ameingia ndani anacheka. Mkono wake ulikuwa wa moto. Wangu ulikuwa wa baridi, kwa ajili ya upepo wa uwanjani.

*

Bado.

*

Nimejaribu kuomba hapa benchini, sala kamili. Utangulizi umenitoka kabisa. Nimebaki nalitaja jina lake, mara nyingi, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka chumba kingine. Hayo si maombi. Hayo ni kuitana.

*

Mzee aliye karibu nami ananiuliza namngoja nani. Nikaanza kumweleza mahali penyewe pa uvimbe, nikashindwa katikati. Amesogea akanipa nafasi zaidi ya benchi.

*

Bado. Binti amesinzia begani kwangu. Bega limekufa ganzi. Silisogezi.

*

Ametoka daktari! Hana kalamu. Nilitazama mikono yake kwanza: hana kalamu. Amesema uvimbe ameutoa wote, mzima mzima, na mama yuko salama, amelala. Aina yake itajulikana maabara, majibu ni Alhamisi ijayo. Niliuliza maswali saba nikijua majibu yake yote. Binti akaniambia, "Baba, mwache daktari akale."

Ametolewa wote. Yuko salama.

Sina cha kuongeza.


Ijumaa, 9 Mei

Jambo la ajabu. Asubuhi Dalali amebisha hodi akiwa na kilo ya sukari.

Hakunguruma. Akanisalimu kwa sauti ya chini, akaniita kaka, jambo ambalo hajalifanya tangu nimwoe dada yake. Akaingia jikoni, akakizunguka kiti cha kinyozi, akanionyesha jiko linavyowashwa: bonyeza, zungusha, ngoja, washa. Akanitazama mpaka nikaweza. Kisha akapika chai, akatia sukari, akaketi akanikazia macho hadi nikaimaliza. Baada yake akaja mama wa kwaya na sukari. Baada yake mwenye duka la vifaa, na sukari. Kufika mchana jikoni kwangu kulikuwa na sukari ya kufungulia hoteli. Wamejuaje?

Mchungaji ndiye aliyenieleza, alipoleta simu.

Jana Dalali aliingia chumbani akaikuta simu imeketi. Alitaka kuitoa. Lakini ilikuwa inaomba, na haijasema Amina, na desturi ni desturi. Akaweka mkono kwenye egemeo akangoja. Akasimama utangulizi wote. Akasimama tumbo lote. Akaisikiliza sehemu ya tatu, ile ya kelele na mnada, na mlango ulikuwa wazi, na waumini waliokuwa mabenchini waliisikia kila silabi, na hakuna aliyekuwa na shaka ni nani anayesemwa. Mchungaji anasema masikio ya Dalali yalibadilika rangi. Mkono haukutoka kwenye egemeo. Basi hitimisho. Basi Amina. Dalali akainama kuichukua simu, pengine aitupe dirishani.

Simu ikaendelea.

Ikasikika milango ya kabati. Njiti inakwaruzwa, nyingine, nyingine. Kikohozi. Halafu mzee mmoja, sitaki kumtaja, akasema: "Sukari iko wapi? Mama, sukari umeiweka wapi?" Kimya. Halafu: "Ee Mungu. Sijui sukari iko wapi. Usimchukue. Sijui kitu mimi. Usimchukue, tafadhali." Halafu ikawa mlio ambao si maneno, kwa muda mrefu kupita kiasi, mpaka ikakatika.

Dalali akaketi. Akakaa muda wake wote, na wa mama aliyemfuata, ambaye hakuthubutu kumgusa. Hakusema neno. Hakuita mara ya kwanza wala ya pili. Mchungaji anasema tangu awe mchungaji hapa hajawahi kusikia kanisa likiomba namna ile, na hakukuwa na sauti.

Nilibonyeza nikaisikiliza yote mbele yake. Nikatamani ardhi ipasuke! Kazi nzuri vile, mpangilio vile, halafu mkia kama ule! Nikamwomba radhi Mchungaji kwa dosari za kiufundi. Akanitazama tena kwa lile jicho la kugawanya. Akasema alichokileta yeye hapa ni mkia tu, Mwalimu. Hayo mengine hakuna anayeyakumbuka.

Nadhani alikuwa amechoka.


Jumapili, 11 Mei

Ibada imenichosha. Mama mmoja ambaye mwanawe yuko mbali, hana habari zake, akanishika mkono akaniomba asikie tena ile ya jikoni. Nikampa nafasi asikie sehemu ya pili, yenye tumbo. Akanishukuru, akaniomba ile ya jikoni. Mchungaji alitaka kuitaja katika mahubiri. Nikakataa kabisa. Wakati wa matangazo nikasimama kueleza, kwa ufupi, kwamba rekodi rasmi inaishia kwenye Amina, na yanayofuata yasihesabiwe. Mchungaji akaanzisha wimbo.

Mchana nikaenda wodini. Mke wangu ameketi, amechanwa nywele, amekunywa supu. Binti amemsikilizisha ile rekodi, bila ruhusa yangu. Nikangoja anicheke. Hakucheka. Akanishika mkono akasema, "Sukari iko kwenye kopo la majani, na majani yako kwenye kopo la sukari. Hivyo ndivyo yalivyo tangu tuoane. Nilikuonyesha Jumatano."

Nikamwuliza sababu ya mpangilio huo usio na mantiki. Akasema ni kwa ajili yangu, nilikuwa namaliza sukari. Kisha akasema siku ile ukumbini, nilipomshika mkono bila kusema kitu, hofu yote ilimtoka. Akasema tangu anijue sijawahi kumwambia jambo zuri kama lile.

Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba ilikuwa ni pumzi tu.

Majibu ya maabara ni Alhamisi. Yeye anasema yawe yatakavyokuwa, amekwisha kumkabidhi Mungu, na anataka kukata kucha. Mimi naifikiria ile kalamu ya daktari. Kiti kitawekwa tena. Na habari kubwa: Dalali ameniachia saa nne nzima, mwenyewe, kwa hiari! Ameniomba jambo moja tu, niombe kama nilivyoomba jikoni. Maskini. Bado hajapona mshtuko.

Lakini nimejifunza kutokana na makosa. Kwanza, Alhamisi nitapanda gari mpaka mlangoni mwa wodi, nifike na pumzi zangu zote, nimpe mke wangu yale maneno anayonidai, yote, na vipengele vyake. Pili, nimerekodi sala mpya ya akiba. Ndefu zaidi, sura sita. Nilifunga mlango wa jikoni nikakaa sebuleni, mbali na makabati yote. Na Amina ilipotoka tu, papo hapo, nikabonyeza. Kitaa kikazimika. Nimeisikiliza mara mbili kuhakikisha. Hakuna kikohozi. Hakuna njiti. Hakuna mzee anayelia.

Safi kabisa. Safari hii Mungu atasikia kitu kilichopangwa.